Kicheko cha Mtu wa Tano

Chumbani mle walikuwamo makarani wanne, lakini asubuhi ile walicheka watu watano.

Kasuku ndiye aliyeligundua jambo hilo. Alikuwa amesimama dirishani, kitabu kikubwa cha misimbo kimemlalia mkononi kama mtoto mchanga, na alikuwa amemaliza kusoma kwa ile sauti yake ya mtangazaji wa redio iliyompatia jina la utani. Wenzake walicheka, wakachoka, wakafuta macho. Walipokwisha kunyamaza wote, kikaja kicheko kingine kutoka upande wa kabati la mafaili. Kilikuwa kifupi na kikavu, kama mtu anayepepeta maharage kwenye ungo.

"Nani huyo kaelewa sasa hivi?" Kasuku aliuliza.

"Babu," alisema Bibi Harusi, ambaye aliitwa hivyo kwa sababu ndoa yake ilikuwa bado changa. "Babu siku zote huelewa mzaha ukishapoa."

"Mimi nina mkate mdomoni," alisema Babu, karani mzee kuliko wote, na kweli mkate ulikuwamo.

Wa nne alikuwa Mrefu, na Mrefu alikuwa anasuuza kikombe chake mlangoni, amewapa mgongo. Walitazamana kidogo, kisha kila mtu akarudi kwenye meza yake. Mwenye kazi nyingi hana nafasi ya kuogopa.

Kazi yao ni rahisi kuieleza, ingawa si rahisi kuipenda. Daktari akimaliza kumtibu mtu, huandika maneno: huyu ameungua mkono, yule amevunjika mguu. Lakini bima hailipi maneno. Bima hulipa misimbo, yaani herufi na tarakimu zinazosimama badala ya ugonjwa. Kwa hiyo kila faili hupitia kwanza katika chumba kile cha chini, jirani na stoo ya mashuka, ambako makarani husoma mwandiko wa daktari na kuutafutia msimbo unaolingana nao. Ugonjwa wenye msimbo hulipiwa. Usio na msimbo, mgonjwa anaweza kuwa anaungua kwa homa mbele ya macho yako, lakini kwenye karatasi ni mzima buheri wa afya.

Na hao waliotunga misimbo, Mungu awazidishie umri, walikuwa watu wasiotaka kupitwa na jambo. Walitunga msimbo wa kugongwa na bata, na mwingine wa kung'atwa na bata, kwa kuwa hayo si mambo mamoja. Walitunga wa kuangukiwa na kobe. Wakatunga na misimbo ya mahali, ili ijulikane kama kobe alikuangukia kwenye banda la kuku au kwenye ukumbi wa muziki. Juu ya hayo yote wakaweka mkia wa kuonyesha kama mgonjwa amekuja kwa mara ya kwanza au amerudi, maana binadamu anaweza kuangukiwa na kobe, akapona, na asijifunze.

Makarani wale walikuwa na desturi yao. Kila asubuhi wakati wa chai, kila mmoja alileta msimbo wa ajabu kuliko yote aliyoiona jana yake, na Kasuku aliisoma kama taarifa ya habari. Aliyeshinda hakuosha vikombe. Katika chumba kisicho na jua, kilichojaa magonjwa ya watu wengine, kicheko hicho ndicho kilichowafikisha saa ya kwenda nyumbani.

Kasuku alikuwa na sababu ya kukihitaji zaidi ya wenzake. Ghorofa mbili juu ya meza yake, katika wodi ya watoto, alilala binti yake wa pekee. Watu walimwita Kwikwi, kwa sababu tangu alipokuwa mchanga alicheka kama mtu mwenye kwikwi, kwa vipande vipande, mabega yakirukaruka. Sasa homa ilikuja na kuondoka ilivyotaka, miguu ilikataa kumbeba, na kwikwi ile ilikuwa imekauka. Madaktari walipima damu, wakapima mkojo, wakapiga picha za mifupa. Mwisho waliandika: homa, chanzo hakijulikani. Kasuku mwenyewe aliyatafutia maneno hayo msimbo, na bima ikalirudisha faili mara mbili: msimbo haujitoshelezi. Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Kasuku kisu alikuwa nacho mkononi, nyama hakuiona.

*

Msimbo ulioshinda asubuhi ile ya kicheko cha tano ulikuwa huu: kugongwa na bata, mahali, chumba cha kinyozi.

Mchana lililetwa faili la mwanamume mwenye uvimbe juu ya jicho. Daktari alikuwa ameandika kwa hasira kidogo, kama mtu anayedhani anachezewa: mgonjwa anaeleza kuwa alikuwa ananyolewa, bata akaingia mlangoni akiruka, akampiga usoni.

Bibi Harusi alilala juu ya meza kwa kucheka. Mrefu alitoka nje, akarudi, akatoka tena. Kasuku naye alicheka hadi mbavu zikamuuma, na alipotulia akausikia ule mpepeto wa maharage ukiendelea peke yake nyuma ya kabati, polepole, kwa raha, kama mtu aliyekula akashiba.

Asubuhi iliyofuata alisoma: kukwama kichwa ndani ya chungu, mahali, nyumbani kwa wakwe. Kabla ya saa sita aliletwa mkwe wa watu amevaa chungu hadi mabegani, mkewe akimshika mkono kumwongoza.

"Alikuwa anatafuta nini humo?" Mrefu aliuliza.

"Nyama aliyonyimwa," alijibu Bibi Harusi.

Walicheka, ndiyo, lakini safari hii kila mmoja alisikiliza cheko la mwenzake. Siku ya tatu ikawa kung'atwa na mtu mwingine wakati wa kuimba, na jioni wakaja wanakwaya wawili, mmoja na sikio lake na mwingine na meno yake. Hapo ndipo ilipoanza harufu. Ilikuwa harufu ya maziwa yaliyoungua chini ya sufuria, na haikutoka jikoni, kwa maana jiko la hospitali lilikuwa jengo jingine kabisa.

"Sisi hatutafuti misimbo tena," alisema Babu kwa sauti ya chini. "Misimbo ndiyo inayotafuta watu."

"Babu, usinitishe," alinong'ona Bibi Harusi. "Mimi nalala na mume mwenye usingizi mzito."

Mkuu wa kitengo alishuka ngazi siku ile, jambo alilolifanya kwa nadra. Alikuwa anatabasamu.

"Sijui mnafanya nini humu, lakini endeleeni," alisema. "Mafaili yenu yote yamelipwa. La bata limelipwa lote, hawajakata kitu. La chungu vilevile. Wanasema misimbo imelingana kama mguu na kiatu." Alisita, akamtazama Kasuku. "Isipokuwa lile la mwanao, dada. Pole. Jaribu kulifanya liwe mahususi zaidi."

Akaliweka faili la Kwikwi mezani, limerudi kwa mara ya tatu, akapanda zake ngazi. Kasuku alilitazama. Bata amelipwa, aliwaza. Bata amelipwa, mwanangu bado.

*

Siku ya nne Kasuku alikataa kusoma. Alikifunga kitabu, akakiweka juu ya kabati, akajimiminia chai. Wenzake hawakumlaumu. Walikaa kila mmoja na kikombe chake, wakizungumza habari za mvua, na Kasuku alikuwa amepiga funda la chai, chai iko mdomoni bado, midomo imefumbwa, aliposikia sauti yake mwenyewe, ile nzuri, ile ya mtangazaji, ikianza kusoma kutoka nyuma ya kabati.

"Kuanguka kutoka kwenye ngazi ya kupandia," ilisema. "Mahali, ofisi. Akiwa amebeba karatasi. Mwanamume mrefu."

Bibi Harusi alimkodolea Kasuku macho. Kasuku akatikisa kichwa, akaonyesha mashavu yake yaliyojaa chai.

"Hakuna msimbo unaotaja urefu wa mtu," alinong'ona Babu.

"Mimi sipandi kitu leo," alisema Mrefu. Alijaribu kucheka, lakini kicheko kilimgeuka kikawa kikohozi. "Leo hata ngazi za kwenda chooni sizipandi. Nitakaa hapa, kama yai."

Akakaa kweli. Alikaa asubuhi nzima, mikono imeshika meza, na wenzake walikuwa wakimtupia jicho kila mara kama watu wanaochunga maziwa motoni, na harufu ya maziwa nayo ilikuwa ikizidi, ikishuka kutoka darini na kuwakalia kwenye nywele na kwenye nguo. Ilipokaribia saa ya chakula, bila mtu kumwita na bila mtu kumtuma, Mrefu akainuka taratibu, akakumbatia rundo la mafaili, akaiendea ngazi iliyoegemea kabati, uso wake ukiwa umewageukia wao, macho yakiwaomba wamshike, huku miguu yake ikipanda, mmoja, mwingine, kama miguu ya mtu anayetembea usingizini. Babu alimkamata suruali, Bibi Harusi akapiga ukelele, lakini alikuwa amekwisha kufika juu, na juu kulikuwa na kitu kilichomngoja, kwa sababu waliona wote karatasi zikitangulia kuruka kabla yeye hajaanguka.

Nyonga ilivunjika. Alipelekwa juu akipiga mayowe, na kabla ya jioni faili lake likashuka chini, kwa sababu faili la mgonjwa yeyote lazima lishuke chini. Kuanguka kutoka kwenye ngazi, ofisini, akiwa amebeba karatasi. Kasuku aliuandika msimbo ule. Hakuhitaji hata kuutafuta.

Bima ililipa.

*

Babu ndiye aliyemleta mganga, siku ambayo ofisi zilifungwa na korido zilikuwa kimya. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mkoba mweusi na viatu vya kutembelea mbali. Ungeweza kumdhania muuguzi mstaafu. Hakuwasha kitu wala hakupiga ngoma. Alivuta kiti, akakaa mbele ya kabati kama mtu aliyekuja kumsalimia jirani.

"Wewe ni nani?" aliuliza.

Nyuma ya kabati, maharage yalipepetwa.

"Nani kakuleta hapa?"

"Nimeitwa," ilijibu sauti ya Kasuku, na Kasuku aliyesimama mlangoni akajiziba mdomo kwa mikono miwili. "Kila asubuhi naitwa, kwa sauti tamu. Wengine huita kwa kulia. Hawa waliniita kwa kucheka. Nilikuwa sijawahi."

"Unataka nini?"

"Kiti."

"Viti vipo vinne humu, chagua."

"Vya mbao sitaki," ilisema sauti, na harufu ya maziwa ikawajia kwa nguvu hata Bibi Harusi akatoka kwenda kutapika.

Mganga aliwatoa wote koridoni, akasema nao kama mwalimu anayesema na watoto waliovunja dirisha, bila ukali.

"Sikilizeni, wanangu. Mtu anayekaliwa na jini, jini humwita kiti chake. Hili bado halina kiti. Linaishi kwa vicheko vyenu tu. Basi msicheke mle ndani, wala msisome kwa sauti. Fanyeni kazi kwa kimya, kama watu waliofiwa. Litaona njaa, litaondoka lenyewe."

"Ni hayo tu?" Babu aliuliza.

"Ni hayo, na moja." Aliwatazama mmoja baada ya mwingine, na macho yake yakakaa kwa Kasuku. "Asitokee mtu wa kuliomba kitu. Litatoa. Hawa si wachoyo. Lakini anayeomba amelikaribisha nyumbani, na kiti litajichagulia lenyewe. Na mkija kulitoa huko baadaye, litaondoka na zawadi yake. Umenielewa, mama?"

"Nimekuelewa," alisema Kasuku.

*

Wakafanya kazi kama watu waliofiwa. Walikunywa chai bila neno, na kila aliyekutana na msimbo wa kuchekesha aliuma mdomo, akaandika, akapita. Kile kicheko kilidhoofika. Kikawa kama kikohozi cha mgonjwa wa chumba cha pili, kisha kama panya. Hata harufu ilipungua, ikabaki kwenye pembe moja tu. Babu alianza kunyoosha mgongo.

Lakini ghorofa mbili juu, Kwikwi naye alikuwa anadhoofika.

"Dada," alisema daktari wa watoto, na aliinamisha kichwa kwa sababu alikuwa mtu mwema. "Kuna dawa ningependa kuijaribu, lakini bima imekataa mara ya mwisho, na wenye hospitali wanataka kitanda. Kesho kutwa itabidi umchukue nyumbani."

"Daktari, mtoto hawezi hata kukaa."

"Naona. Sisi sote tunaona kwamba anaumwa. Karatasi ndiyo isiyoona."

Kasuku aliingia wodini. Mama yake mzazi alikuwa kando ya kitanda, bibi kizee asiyesikia vizuri, akimpepea mjukuu kwa kanga. Mtoto alikuwa mwepesi kiasi kwamba shuka halikupata umbo la kufuata.

"Mama," aliita Kwikwi. "Mimi naumwa nini?"

"Wanatafuta, mwanangu."

"Si wewe ndiye unayejua majina yote?"

Kasuku alimfuta jasho.

"Nisomee ya bata, basi," mtoto alisema. Ndiyo misimbo aliyoipenda kuliko yote. Kila jioni kabla hajaugua walikuwa wakiichezea kitandani, mama akitangaza, mtoto akirukaruka mabega.

"Leo siwezi, mwanangu."

"Soma kidogo tu. Nitajaribu kucheka."

Wapo watu wanaoweza kusikia neno kama hilo na wakalikumbuka onyo la mganga. Kasuku hakuwa mmoja wao, na mimi sijui kama ningetaka kumjua mama aliye mmoja wao.

Kesho yake, wenzake walipotoka kwenda kula, alibaki. Mwanga wa saa saba uliingia dirishani, mwanga mweupe usioficha kitu, na nje watu walikuwa wakipita na mifuko yao. Alikishusha kitabu kutoka juu ya kabati. Alijua anachokitafuta. Mwishoni kabisa mwa kitabu kile kuna misimbo isiyo ya magonjwa, bali ya magonjwa yaliyopita. Huandikwa kwa mtu aliyepata kuumwa, akapona, asiumwe tena. Huitwa misimbo ya historia. Babu ndiye aliyemfundisha kuitumia alipoanza kazi, na alimfundisha kwa mfano ambao kila karani wa chumba kile aliujua kwa moyo: msimbo wa historia ni kama kiti cha nyuma cha baiskeli. Hauendi peke yake. Lazima mbele yake uandike msimbo mwingine, wa sababu iliyomleta mtu hospitali leo. Faili lenye historia tupu, mbele wazi, ni kosa la wanafunzi.

Kasuku alisimama mbele ya kabati, akasafisha koo, na kwa ile sauti yake tamu ambayo hakuwa ameitumia tangu siku ya Mrefu, akasoma, akasoma taratibu ili asikosee hata silabi moja, huku harufu ya maziwa ikiamka pembeni na kumjia, ikipanda miguuni, kiunoni, shingoni, yenye joto kama pumzi, na huku akijua kwamba aliye nyuma yake sasa hayuko tena nyuma ya kabati bali amesimama begani pake na anasoma naye mstari kwa mstari, akasoma: "Historia ya ugonjwa usiojulikana, uliokwisha kupona. Mtoto wa kike."

Jina la mtoto alilitaja kwa kunong'ona.

Kisha akafunga kitabu. Msimbo wa mbele hakuusoma. Tungeweza kusema alisahau, kwa haraka na kwa hofu, na yeye mwenyewe baadaye alijaribu kujiambia hivyo. Lakini ni sababu gani ya kumleta mtoto hospitali angeiandika pale? Ugonjwa gani angemchagulia? Mama gani angeutamka? Akaiacha nafasi ile wazi.

Sikioni pake, karibu kabisa, maharage yalipepetwa mara moja. Halafu chumba kikawa kitupu. Hata harufu ilitoweka, kama sufuria iliyofunikwa.

*

Jioni ile Kwikwi aliomba chakula. Usiku alikaa. Asubuhi daktari alimkuta amesimama dirishani, anahesabu magari, na homa haipo. Wakapima tena damu, wakapima tena mkojo. Kila kitu kilikuwa sawa, na daktari aliandika hivyo kwa mwandiko wa furaha ambao Kasuku aliusoma bila shida. Wiki ileile bima ikalipa tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, bila swali.

"Unaona sasa?" alisema mkuu wa kitengo. "Nilikuambia uwe mahususi."

Babu hakupongeza. Alizunguka chumba akinusanusa kila pembe, akaufungua mlango wa kabati, akaufunga. Kisha akaja kusimama mbele ya meza ya Kasuku.

"Limeondoka," alisema.

"Tushukuru, Babu."

"Siku zote hizo lilikuwa linakufa kwa njaa, na njaa haimpi mtu mbio. Limeondoka kwa siku moja." Akashusha sauti. "Ulisoma, mwanangu?"

"Sikusoma."

Kasuku akaendelea kupanga kalamu zake. Mwisho Babu akarudi mahali pake. Hakumuuliza tena, siku ile wala siku nyingine, ila tangu hapo alipopewa chai na mkono wa Kasuku, aliinusa kwanza.

Nyumbani kulikuwa na sherehe ndogo. Kwikwi alikula, akakimbia uani, akapanda kwenye kochi na kushuka. Bibi alikuwa na furaha hata akasahau maumivu ya magoti. Jirani alipopiga hodi kuja kumwona mtoto, bibi aliitikia kama alivyozoea kuitikia kila mgeni maisha yake yote: "Karibu, karibu! Mgeni njoo, mwenyeji apone!"

Walikaa mezani wanne, wakanywa chai. Jirani, aliyekuwa mcheshi, akaomba asimuliwe habari za yule mtu wa bata. Kasuku hakutaka, lakini bibi aliijua, akaisimulia vibaya, akamweka bata kwenye kiti na kinyozi mlangoni akiruka, na kwa ubaya wake ikachekesha zaidi. Jirani akacheka akajishika kifua. Bibi akacheka mwenyewe kwa mzaha wake. Kasuku akajikuta anacheka, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, na huku akicheka alikuwa akimtazama binti yake, akingoja mabega yale yaruke, akiisikilizia ile kwikwi.

Mabega hayakuruka. Mtoto alikuwa ametulia, kikombe mkononi, anawatazama watu wazima mmoja mmoja. Akawaacha wacheke, wachoke, wafute macho. Walipokwisha kunyamaza wote, ndipo akafungua mdomo, na kicheko kikatoka. Kilikuwa kifupi na kikavu, cha mtu anayepepeta maharage kwenye ungo.

"Ee, mjukuu wangu kaelewa sasa hivi!" alisema bibi, akampapasa kichwa.

Jirani alisita. Alinusa hewani. "Kuna maziwa jikoni? Naona kama yanaungua."

"Hakuna maziwa," alisema Kasuku.

Alimsindikiza jirani hadi mlangoni, akafunga komeo, akarudi. Bibi alikuwa ameanza kusinzia kwenye kochi. Kwikwi alikuwa bado mezani, mgongo umenyooka kama wa mtu mzima, miguu ile iliyokataa kumbeba sasa inaning'inia na kucheza chini ya meza, mizima, yenye nguvu, na mashavu yake yalikuwa yamejaa rangi.

"Mama," alisema, na sauti haikuwa ya mtoto. Ilikuwa sauti tamu ya mtangazaji wa redio. "Ulisoma vizuri sana. Ila nafasi ya mbele uliiacha wazi."

Kasuku alishika ukingo wa meza.

"Nimekaa mimi," sauti ilisema.

Alimkumbuka mganga na mkoba wake mweusi. Nyumba yake haikuwa mbali. Angeweza kuvaa viatu sasa hivi, akapiga hodi, akasema, mama, nimekosea, njoo ulitoe. Na mganga angekuja, angevuta kiti, angeuliza maswali yake, na lile jini lingeondoka na zawadi yake kama ilivyosemwa. Ingerudi homa. Ingerudi miguu iliyokufa. Ingerudi karatasi isiyoona. Alizitazama zile nyayo ndogo zikicheza chini ya meza, huku na huku, na hakuinuka kutafuta viatu.

"Na mwanangu?" alinong'ona. "Yuko wapi mwanangu?"

Mtoto akatikisa mabega kidogo, kama anayejaribu nguo mpya. Kutoka mbali sana, kama kutoka chumba cha chini kisicho na jua, ikasikika kwikwi moja. Kisha kimya.

Siku hizi nyumba ile ina sifa ya uchangamfu. Majirani hupenda kupita hapo jioni, kwa sababu bibi hukosea hadithi na Kasuku ni mtu wa kucheka. Wamegundua jambo moja tu kumhusu, na wanamsema kwa upendo: mzaha ukishakwisha, watu wote wakishanyamaza, yeye huendelea. Hucheka kwa sauti kubwa, macho hayacheki, amemkumbatia binti yake na kumfunika uso kifuani, na hakubali kunyamaza mpaka awe wa mwisho.